Darasa la nne kuokota korosho za shule saa za vipindi: hilo ni somo au kibarua?

Baba wa Tandahimba
Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila kutaja shule wala mwalimu. Sitafuti ugomvi, natafuta jibu. Mwanangu yuko darasa la nne. Tangu korosho zianze kudondoka mwezi huu wa Oktoba, kila Jumanne na Alhamisi darasa lao wakishatoka mapumziko wanapelekwa shamba la shule. Wanaokota, wanatenganisha korosho na mabibo, wanabeba ndoo mpaka ofisini. Madaftari ya siku hizo hayana hata mstari mmoja, na upimaji wa taifa wa darasa la nne ndio huu umefika. Sikatai mtoto kufanya kazi, mimi mwenyewe naishi kwa mikorosho. Nauliza tu: siku hizo mbili amejifunza nini?

Mwalimu wa Zamu, Newala
Kaka, hilo neno "kibarua" limeniuma. Hakuna mwalimu anayekula korosho za watoto hapa kwetu. Ngoja nikupe hesabu. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 ni ya vitabu, haipiti mikononi mwetu. Inabaki 6,000. Shule ya watoto 400 inapata 2,400,000 kwa mwaka mzima, tena ikija yote: chaki, karatasi za mitihani, dirisha lililovunjika, bati lililong'oka. Uji haumo. Michango ya lazima ilifutwa 2016, na tangu hapo ukimwambia mzazi alete kilo mbili za mahindi anakujibu elimu ni bure. Minada ya korosho ya 2024 ilifungua kwa zaidi ya 4,000 kwa kilo. Magunia machache ya shule ndiyo uji wa watoto wenu mpaka Machi.

Mama wa Mchinga
Mwalimu, usitubebeshe sisi. Mimi mahindi nilipeleka. Niulize kuhusu mikono ya mwanangu, utomvu wa mabibo umemchubua vidole hawezi kushika kalamu. Na wakishazoea kuokota wanajifunza kuchoma, wakati kila mtu huku anajua mafuta ya ganda la korosho yanavyounguza ngozi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja miaka 14 hata kwa kazi nyepesi. Wa darasa la nne ana miaka mingapi? Tisa, kumi.

Mzee wa Ndanda
Wanangu, sisi tulilima shule. Tulilima pamba, karanga, mihogo, na tulisoma mpaka tukawa watu. Mwalimu Nyerere alisema mwaka 67, Elimu ya Kujitegemea, shule iwe na shamba. Leo mtoto akichubuka kidole mama anakimbilia sheria. Mnalea mayai.

Binti wa Naliendele
Shikamoo babu. Kwa heshima zote, andiko lile la Machi 1967 umelikumbuka nusu. Ni kweli lilitaka shule iwe na shamba, lakini lilitaka pia wanafunzi washiriki kuamua, wajue kimeuzwa nini, kimepatikana kiasi gani, na faida waione wenyewe. Mwulize mtoto wa huyu kaka gunia la shule limeuzwa shilingi ngapi. Hajui, kwa sababu hajaambiwa. Hapo ndipo somo linapokufa na kazi inabaki peke yake.

Na yapo mengi ya kufundisha pale chini ya mkorosho. Hilo bibo tunaloliita tunda ni kikonyo kilichovimba, tunda lenyewe ni korosho ile inayoning'inia. Majani machanga na maua yakipata unga mweupe ni ugonjwa wa ubwiri unga, ndiyo maana baba zao wanapulizia dawa ya salfa. Kupima kilo ni hisabati. Kugawanya mapato kwa idadi ya watoto ni hisabati. Mkorosho wenyewe uliletwa na Wareno kutoka Brazil, hiyo ni historia. Mtaala ulioanza Januari 2024 unadai umahiri, mtoto aweze kufanya jambo, asikariri tu. Kwa nini wanarudi na daftari tupu?

Mzee wa Ndanda
Marahaba mjukuu wangu. Umesema vizuri, lakini mimi nilikuwepo, wewe umesoma. Sisi hatukuulizwa kuamua lolote.

Kijana wa Shangani
Mnajadili Jumanne na Alhamisi, na lile kubwa mnalipita. Watoto wa vijijini huku wanatolewa shule wiki nzima, wengine mbili, kwa ajili ya unyago. Hilo hamlihesabu? Newala na Tandahimba ngoma kwanza, daftari baadaye. Mimi nimekulia Mtwara mjini, darasani nimekaa na waliohamia kutoka huko, najua ninachosema.

Kungwi wa Nanyamba
Kijana, unajua nini? Nimewacheza unyago watoto wa watu zaidi ya miaka 20. Kwetu tunangoja shule zifungwe, Juni na Desemba, na mwenyekiti wa kijiji anapewa taarifa. Mle ndani mtoto anafundishwa usafi, heshima, kumwamkia mkubwa, kujua mwili wake. Huko darasani kwenu nani anamfundisha binti jinsi ya kujistiri akivunja ungo? Usilete dharau ya mjini hapa.

Mwalimu wa Zamu, Newala
Mama, shikamoo. Mimi si wa mjini na unyago nimeuheshimu tangu utoto. Lakini daftari la mahudhurio liko mezani kwangu. Likizo inafungwa, shule inafunguliwa, na viti vya wasichana wa la tano na la sita vinabaki wazi siku nne, tano. Wakirudi wengine wanaona aibu kuchezea mpira uwanjani, wanajiona wakubwa. Nawafundisha, nawaona.

Kungwi wa Nanyamba
Marahaba. Hao si wangu. Wangu wanatoka kabla ya kengele ya kwanza.

Mama wa Mchinga
Kijana wa Shangani umetaja Newala na Tandahimba, na huku Lindi tunajua unatusema na sisi Wamwera. Nilichezwa, nikafaulu la saba, nikaenda sekondari. Jando na unyago havikunifunga kusoma. Kilichokuwa kinifunge ni baba kukosa nauli.

Kijana wa Shangani
Sikusema hamjasoma. Nimesema siku zinapotea. Mbona siku za korosho zinawauma na siku za ngoma haziwaumi?

Baba wa Tandahimba
Kaka, umetaja na kwetu. Binti yangu mkubwa alichezwa Juni, shule ilipofunguliwa alikuwa wa kwanza mstarini, mama yake ni shahidi. Usinipake matope mbele za watu niliowaletea swali la mwanangu. Halafu siku za unyago nazipanga mimi na mke wangu. Siku za korosho nazipangiwa, na nikiuliza naambiwa nimekataa mchango.

Binti wa Naliendele
Kaka hapo umegusa penyewe. Kwenye kikao cha kamati ya shule omba vitu viwili: hesabu ya mauzo ibandikwe ubaoni, na kuokota kuhamie Jumamosi au baada ya vipindi, wakubwa wa la sita na la saba ndio waende.

Mwalimu wa Zamu, Newala
La saba walishamaliza mtihani Septemba, dada. Hawapo. Na tukingoja Jumamosi, korosho za shule zinaokotwa na wezi Ijumaa usiku, asubuhi ziko kwa kangomba, wale wanunuzi wa magendo.

Mzee wa Ndanda
Zamani tulikuwa tunalinda kwa zamu.

Kungwi wa Nanyamba
Mimi bado namsubiri huyu wa Shangani. Aseme ni kijiji gani, unyago wa nani, mwaka gani. Au aombe radhi.