Mliotembea Japani tupeane uzoefu, sehemu gani za kale zilikukosha?

Wakuu habari za muda huu. Kila nikisoma mambo ya Japani ni magari tu, leo mliofika kwenye mahekalu, ngome na milima mtuambie wapi panastahili nauli na wapi ni picha za mtandaoni tu.

Naanza mimi, nilikuwa masomoni kwa ule ufadhili wa Japani kwa vijana wa Afrika, ABE Initiative, wikiendi nikipata upenyo nadandia treni. Kwangu namba moja ni ngome ya Himeji, jengo lenyewe ni la 1609 na mabomu ya 1945 yaliunguza mji lakini yenyewe ikabaki imesimama. Unavua viatu unavibeba kwenye mfuko halafu ngazi zake zimesimama wima, magoti yanaongea. Ya Osaka nje inapendeza balaa ila ndani ni zege la 1931 na lifti juu, kwa hiyo kama una siku moja tu mi nasema Himeji.

---

Mkuu sisi wa magari tunatembea pia 😂 Nikimaliza mambo ya yadi Yokohama huwa nachukua treni hadi Kamakura, kama nusu saa hivi. Kuna Buddha wa shaba wa karne ya 13, mita 11 na ushee, kakaa nje juani, na ndani yake pako wazi unaingia.

---

Kyoto jamani. Hekalu la Fushimi Inari hakuna kiingilio na hapafungwi, we nenda alfajiri, ikifika saa nne asubuhi ni vichwa vya watu tu. Yale mageti mekundu ni maelfu, na ukiwa unashuka ndo unaona maandishi nyuma ya nguzo, majina ya waliochangia, mengi ni makampuni yanaomba biashara inyooke. Wengi wanapiga picha pale chini wanageuza, panda juu kwenye mlima utembee peke yako.
Lile hekalu la dhahabu, Kinkaku-ji, zuri ila huingii, unaliangalia ng'ambo ya bwawa. La zamani lilichomwa na mtawa kijana 1950, hili ni la 1955.

---

Mji wa Nara swala wanakung'ata kalio ukichelewa kuwapa biskuti. Mlima Fuji nendeni miezi ya baridi asubuhi, kiangazi mawingu tupu.

---

Mbona hamjataja Hiroshima? Makumbusho ya bomu la atomiki kuna baiskeli ya matairi matatu ya mtoto wa miaka mitatu, imeungua, baba yake alimzika nayo akaja kuifukua miaka 40 baadaye. Nilitoka pale sikutaka kuongea na mtu. Ndo maana nashauri kisiwa cha Miyajima kiwe siku inayofuata, msibane zote siku moja. Feri dakika 10 tu, na watu wa Pwani mtapaelewa haraka, angalieni maji: yakijaa lile geti kubwa la hekalu linakuwa baharini, yakikupwa unatembea kwa miguu mpaka chini ya nguzo. Mi nilisubiri yote mawili.

---

Na ile pasi ya treni ya wiki ya watalii (Japan Rail Pass) msinunue kwa mazoea, Oktoba 2023 ilipanda kutoka yen 29,650 hadi 50,000. Kama ni Tokyo na Kyoto kwenda na kurudi, tiketi za kawaida ni nafuu.

---

Asanteni wakuu. Aliyefika Nikko, ule mji wa mahekalu kaskazini mwa Tokyo, atuambie, inawezekana kwenda na kurudi Tokyo siku hiyohiyo ukiwa na watoto?