Familia Katuba: pesa ya seva

18:42 Trésor: Jambo yenu wote. Nina neno kuhusu ile programu ya bure tunayotumia kwa sekretaria ya dada yetu Francine, pale anapochapia watu karatasi, ile iliyofufua kompyuta za zamani. Tunaoitengeneza tuko watu kumi na mmoja, kila mtu na nchi yake, hakuna anayelipwa. Seva ni dola 36 kwa mwezi. Kwenye mfuko wetu zimebaki dola 51, tukilipa mwezi huu tumekwisha. Nimetumwa nitafute mawazo ya kupata pesa, nikaona nianzie nyumbani.

18:47 Tonton Célestin: Mwanangu, si ulituambia ni ya bure? Kitu cha bure kinadaiwa namna gani?

18:50 Trésor: Ni bure kwa anayechukua, Tonton. Ni kama foraji ya parokia, kile kisima cha pampu. Maji hulipi, lakini pampu ikiharibika lazima mtu aende kununua nyingine. Mafaili yanakaa kwenye mashine inayokula umeme usiku na mchana, na mwenye mashine anataka kodi yake.

18:53 Yaya Francine: Mimi ni shahidi. Juni iliyopita, wakati wa bulteni za shule, zile ripoti za wanafunzi, mashine yangu ya karibu na mlango ilikuwa inachukua dakika sita kuwaka. Walimu wawili wamekaa kwenye benchi, orodha za pointi mkononi, na mmoja ameanza kuangalia sekretaria ya ng'ambo ya barabara. Trésor akachomeka flashi, akaweka hiyo programu. Kesho yake ikawaka kabla sijamaliza kupanga karatasi. Ile mashine ni ya 2009 na bado inanilisha.

18:55 Junior: Si muweke matangazo tu? Mtu akifungua anaona tangazo, pesa inaingia.

18:59 Trésor: Mdogo wangu, hiyo VLC unayotazamia filamu ilianza na wanafunzi karibu na Paris mwaka 1996. Wameahidiwa pesa nyingi waweke matangazo, wakakataa. Sisi pia tulikataa, kwa sababu tangazo linakula mega za intaneti. Mwenye mashine ya 2009 ndiye huyohuyo anayenunua mega za siku moja.

19:02 Mama Bijou: Fulana je? Kama zile tulizoshona kwa jubilei ya parokia, zilikwisha zote.

19:05 Trésor: Tulijaribu mwaka juzi, Mama. Tulichapisha 30, zikabaki 19 kwa mwenzetu wa Nantes, Ufaransa. Posta ya kumfikia mtu mmoja ilipita bei ya fulana yenyewe. Parokiani watu wanakuja kuchukua kwa mikono yao.

19:08 Tonton Célestin: Basi andikieni makampuni makubwa. Wao wana pesa.

19:15 Trésor: Tonton, ile kufuli ndogo unayoiona ukifungua benki kwenye simu, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya dunia ilitegemea programu moja nyuma yake, OpenSSL. Mwaka 2014 ikaonekana kasoro kubwa, wakaiita Heartbleed. Hapo ndipo wengi walipojua kwamba mradi ule ulikuwa unapata michango ya karibu dola 2,000 tu kwa mwaka. Makampuni yalikuwa yanautumia kila siku bila kuuliza nani anakula nini. Yalitoa pesa baada ya moto kuwaka. Sisi ni wadogo mno, hatuwezi kungoja moto.

19:18 Yaya Francine: Na sisi tunaotumia, mmetuomba lini? Mwaka mzima sijaona neno. Sikujua hata kama kuna mfuko.

19:19 Trésor: Kuna kitufe cha kuchangia kwenye tovuti yetu, Yaya. Kiko chini kabisa.

19:25 Yaya Francine: Chini kabisa nani anafika? Angalia kwenye kilio. Meza inawekwa mlangoni, daftari juu yake, mtu wa kuandika amekaa. Jina, kiasi. Jioni linasomwa mbele ya wote: fulani ametoa hiki, sanduku limenunuliwa bei hii, unga bei hii, zimebaki hizi. Halazimishwi mtu. Lakini ukisikia mjane wa jirani ametoa franka 1,000, huwezi kurudi nyumbani na mikono mitupu. Ninyi daftari lenu liko wapi?

19:31 Trésor: Hatuna. Na umenigusa, kwa sababu Linux Mint, programu nyingine ya bure ya kuendesha kompyuta, wanafanya hivyo hasa: kila mwezi wanatoa hadharani majina ya waliochanga na kiasi kilichoingia. Blender nao, programu ya kutengeneza picha za 3D, mwaka 2002, Ton Roosendaal alitaja bei: euro 100,000 zikipatikana, programu inakuwa ya wote. Zilipatikana kwa wiki saba. Watu walijua kiasi na walijua cha nini. Sisi tumeandika "tusaidieni" tu.

19:34 Junior: Mimi natoa dola 1. Natuma kwa njia gani? Sina kadi.

19:40 Trésor: Hapo pana shimo. Anayetupokelea pesa za kadi ni Stripe ya Marekani, inakata angalau asilimia 2.9 na senti 30 kila mara. Dola yako 1 inafika senti 67 au pungufu. Watu kumi na wawili wakituma dola moja moja, karibu dola 4 zimepotea njiani. Zikitumwa dola 12 mara moja, haipotei hata dola nzima.

19:43 Mama Bijou: Kwa hiyo zikusanywe hapa kwanza, kama likelemba, ule mchezo wetu wa kuchangiana pesa. Tumtumie Francine kwa M-Pesa, yeye azitume pamoja kwa kadi yake kila miezi mitatu.

19:46 Tonton Célestin: Nakubali, ila pesa isishikwe na mtu mmoja. Francine ashike, Mama Bijou ahesabu, na risiti ya seva iletwe hapa tuione. Likelemba ya 2019 iliniuma.

19:49 Yaya Francine: Sawa kabisa, Tonton. Na kwa sekretaria nitabandika karatasi ukutani: mashine hii inafanya kazi kwa programu ya bure, seva yake ni dola 36 kwa mwezi, daftari liko hapa. Walimu wataona wakingoja bulteni.

19:52 Trésor: Yaya, nipe hayo maneno kama yalivyo. Usiku huu nawaandikia wenzangu: kiasi juu kabisa, daftari chini yake, kila mwezi.

20:10 Yaya Francine: Nimefungua daftari. Sekretaria dola 5. Tonton Célestin dola 3. Mama Bijou dola 2. Junior dola 1. Kambo, mzee wetu, franka 1,000.

20:13 Mama Bijou: Kambo anasema usimwandike "Kambo". Anataka jina lake lote, kama kwenye kilio.

20:14 Yaya Francine: Nimerekebisha. Mwambie liko mstari wa kwanza.