Nusukaputi ni usingizi wa kawaida au ni kitu kingine?

Binti_Busia:
Habarini ndugu zangu. Baba yangu, mzee wa miaka 70, anafanyiwa upasuaji wa ngiri wiki ijayo na ameambiwa atapewa nusukaputi. Kisu hakimtishi, kinachomtisha ni huko "kulala". Ananiuliza: ubongo wangu utalala kama usiku, au unazimwa? Na kama ni usingizi, mbona nisiamke wakinikata? Nilikosa jibu. Mwenye ujuzi anisaidie.

Thieta_Arua:
Dada, msalimie sana mzee. Mimi ni ofisa wa nusukaputi huku Arua, kulaza na kuamsha wagonjwa ndiyo kazi yangu. Huo si usingizi, ingawa hata sisi humwambia mgonjwa "sasa utalala".

Usiku ubongo haukai mahali pamoja. Unazama kwenye usingizi mzito, mawimbi yake ya umeme makubwa na ya polepole, chini ya manne kwa sekunde. Kisha unapanda kwenye usingizi wa ndoto: mawimbi yanaenda mbio karibu sawa na ya mtu aliye macho, na mboni zinachezacheza chini ya kope. Mzunguko mmoja ni kama dakika 90, halafu unaanza upya. Na wakati wote huo mtoto akilia, unaamka.

Kwa propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa, mzunguko huo haupo. Dawa inazipa nguvu njia zinazotuliza seli za ubongo, na ubongo unabaki katika hali ile ile mpaka dawa ipungue. Mawimbi ya polepole yapo, hapo unafanana na usingizi mzito. Lakini sehemu ya mbele ya kichwa kuna mengine, 8 hadi 12 kwa sekunde, yanayokwenda pamoja mfululizo. Usiku mawimbi yanayokaribia kasi hiyo huja kwa sekunde moja au mbili tu, yakapotea. Sehemu za ubongo zinashindwa kupashana habari, ndiyo maana mzee hataamka akikatwa. Dawa ikizidi, mawimbi yanakatika kabisa, yanarudi, yanakatika tena. Hapo ni jirani na koma, usingizi haumfikishi mtu huko. Wazee huwatosha dawa kidogo, kwa hiyo tunawapimia kwa uangalifu.

Haya yanapimwa kwa nyaya zinazobandikwa kichwani, kazi aliyoianza Mjerumani Hans Berger mwaka 1924. Thieta yetu, yaani chumba cha upasuaji, haina mashine hiyo. Mimi nagusa ukingo wa kope: aliyelala atakunja uso, wangu hakunji. Naangalia kifua, presha, na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Pumzi ikilegea, nabana mfuko wa hewa kwa mkono wangu mpaka irudi. Siondoki kichwani pake.

Nalongo_Jinja:
Mimi nilipewa ketamini wakati wa kusafishwa kidonda. Dada yangu anasema macho yalikuwa wazi! Nilijiona naelea juu ya mabati, nasikia watu kwa mbali. Huo nao ni nusukaputi?

Thieta_Arua:
Ndiyo, Nalongo. Ketamini inapita njia nyingine, inaziba vipokezi vingine kabisa, ile milango ya ujumbe kwenye seli za ubongo. Ubongo hautulii, unatoa mawimbi ya kasi kubwa, lakini unatengana na maumivu na chumba ulichomo. Pumzi kwa kawaida inaendelea yenyewe, ndiyo maana hospitali za wilaya tunaitegemea sana.

Binti_Busia:
Asante sana kaka. Basi akiamka atakuwa amepumzika?

Thieta_Arua:
Usitegemee hivyo. Baada ya upasuaji mkubwa, usiku wa kwanza usingizi wa ndoto hupungua sana kwa sababu ya maumivu na dawa. Punguzeni wageni na taa wodini, mzee alale usingizi wake mwenyewe.

La muhimu zaidi ni chakula. Aliyelala usiku akipaliwa atakohoa. Chini ya nusukaputi hakohoi, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Kwa kawaida chakula chepesi na chai ya maziwa vinaachwa saa 6 kabla, katogo ya mafuta (ndizi zilizopikwa na nyama) saa 8, maji matupu saa 2. Wakimpa masharti makali zaidi, fuateni hayo. Akila kwa siri, aseme ukweli, tutaahirisha bila kumgombeza.

Halafu mwulizeni daktari kama ganzi ya mgongo inamfaa. Ngiri nyingi tunazifanya hivyo, mgonjwa yuko macho anaongea nami.