Fremu za saspensheni kwenye skati za hoki: kona zinazama, breki haikatiki. Nianze kurekebisha wapi?

Kifundo ameanzisha mada:

Wakuu, heshima kwenu. Nimetoa fremu ngumu za alumini kwenye skati zangu za hoki ya magurudumu, nikafunga za saspensheni, zile ambazo kila gurudumu lina mkono wake na raba yake. Magurudumu ni ya kipenyo cha mm 76 mawili mbele na mm 80 mawili nyuma, ugumu 74A (namba ikipanda, gurudumu ni gumu zaidi), na nachezea ndani kwenye vigae vya plastiki. Nikiwa na vifaa vyote mwilini nina kilo 80. Kwenda mbele moja kwa moja hakuna neno, na ule mtetemo wa vigae umepungua sana. Ila:

Nikiingia kona kali mguu wa nje unazama, halafu unanisukuma juu, na nikitoka kwenye kona mwendo umeshakufa. Breki ya pembeni nayo haikatiki: magurudumu yanang'ang'ania, yanaruka-ruka, kisha yanaachia yote kwa mpigo. Na nikigeuka kurudi nyuma, kisigino kinashuka kama nataka kukaa chini.

Zimekuja raba za ugumu wa aina tatu, zilizofungwa ni za kati. Nibadilishe raba, magurudumu, au wa kubadilika ni mimi?

---

RulaYaChuma:

Mkuu Kifundo, usifungue kitu kabla hujapima. Chukua kalipa (kipimio cha milimita), weka alama ya kalamu kwenye fremu juu ya kila ekseli, kisha mwenzako apime kutoka alama hiyo hadi katikati ya ekseli katika hali tatu: mguu ukiwa hewani, umesimama miguu miwili magoti yamekunjwa kama unayesubiri pasi, na umesimama mguu mmoja huku umeegemea mbele, nyuma tu ya vidole. Baada ya hapo toa raba ya gurudumu moja na upime mkono ukiwa umefika mwisho. Tofauti ya kipimo hicho na kile cha hewani ndiyo safari yote uliyonayo, na kwa fremu za skati huwa ni milimita chache tu.

Sababu ya kupima mguu mmoja ni hii. Kwa kilo 80, ukisimama miguu miwili kila fremu inabeba 40, yaani kama kilo 10 kwa gurudumu. Mguu mmoja ni 20 kwa gurudumu. Ukiegemea mbele mpaka magurudumu mawili ya mbele yabebe karibu uzito wote, unakaribia 40 kwa kila moja. Na ukilala nyuzi 45 kwenye kona, nguvu inayopita kwenye miguu inafika takriban mara 1.4 ya uzito wako. Kwa hiyo raba inayokupendeza ukiwa umesimama kwenye benchi ya wachezaji ni laini mno kwa kona.

Mimi nalenga hivi: miguu miwili itumie robo ya safari, mguu mmoja mbele isizidi theluthi mbili. Ikigonga mwisho utasikia "tak" kwenye kona, na ukifungua utakuta sehemu ya mkono inang'aa pale ilipogusana na fremu. Hapo weka raba ngumu zaidi, hakuna mjadala.

Kisigino kushuka ni hesabu tu. Kwa magurudumu yako, ekseli ya kwanza na ya mwisho zimeachana kama mm 237. Nyuma ikizama mm 3 zaidi ya mbele, mguu umeinama nyuma nyuzi 0.7. Inaonekana ndogo, lakini kama goti na nyonga hazifidii, mabegani ni karibu sentimita 2 nyuma ya pale ulipozoea. Dawa yake ni raba ngumu kwenye magurudumu mawili ya nyuma tu, za kati zibaki mbele. Badilisha miguu yote miwili kwa pamoja, na jambo moja kwa wakati. Ukibadilisha raba na magurudumu siku moja hutajua kipi kimekusaidia.

---

MlinziWaKulia:

Kwenye kupima naungana na Rula mia kwa mia. Kwenye haraka ya kubadilisha raba, hapana. Kama haigongi mwisho, cheza nazo kwanza mpaka mwili uelewe, kwa sababu nusu ya unachokisema ni muda wa kusukuma.

Kwenye fremu ngumu, ukikanyaga, sakafu inajibu papo hapo. Kwenye saspensheni sehemu ya kwanza ya msukumo inaliwa na raba. Mtu anayesukuma kwa vihatua vifupi vya haraka anaipa raba nguvu yake yote, kisha anainua mguu kabla raba haijairudisha. Ndiyo maana mwendo unakufia kwenye kona. Kaa juu ya mguu kwanza, uzito utulie, raba ijibane, ndipo usukume kwa kunyoosha goti na nyonga hadi mwisho, ukimalizia kwa gurudumu la mbele. Msukumo uwe mrefu, si mkali. Kwenye krosi (kupishanisha miguu kwenye kona), mguu unaopita juu utue karibu na ule wa chini, bila kudundishwa: ukiudundisha raba itakurusha, na huko ndiko kusukumwa juu unakokusema.

Breki sasa. Magurudumu hayatelezi mpaka uzito upungue juu yake. Mfuatano ni kuinuka, kugeuza nyonga na magoti, kushuka. Kwa fremu ngumu wepesi unapatikana pale pale ukiinuka. Hapa raba inatanuka na kuendelea kubonyeza gurudumu chini, kwa hiyo wepesi unachelewa kidogo. Ukigeuza kwa muda wako wa zamani, unageuza magurudumu yakiwa bado yameshika, nayo yanaruka. Inuka juu zaidi, chelewesha kugeuza kwa kiasi kidogo sana, kisha shuka chini kuliko ulivyozoea, miguu ikiwa imetangulia mbele ya mwili na imelala. Mguu uliosimama wima unashika, uliolala unateleza. Anza kwa mwendo wa nusu, upande unaouweza, kisha ule mgumu.

Kabla ya kugusa gongo la hoki, tenga kama dakika 20: miguu ifunguke na kufunga bila kuinuliwa, mbele na nyuma, kuteleza mguu mmoja kwa ukingo wa ndani, kisha wa nje, koni zilizoachana mita 1.5, krosi kwenye duara pande zote mbili, kurudi nyuma kwa kuchora nusu duara kwa mguu mmoja mmoja. Paki, kile kisahani cha kuchezea, iwe ya mwisho kabisa. Ukiwa na paki macho yanakwenda chini, kiuno kinainama, uzito unakimbilia mbele, na hutajua kama tatizo ni fremu au ni mkao.

---

Kifundo:

Asanteni sana wakuu. Nimepima. Safari yote ni mm 5. Miguu miwili inatumia 2, mguu mmoja mbele inagonga mwisho. Kuna jipya: skati ya kushoto, mkono wa pili kutoka mbele haurudi wote nikiinua mguu. Unabaki umezama kama milimita moja, mpaka niuvute kwa kidole. Raba yake naiona nzima.

---

Bolti8:

Kifundo, huo mkono ndio uanze nao, mengine yote yasubiri. Mkono unaogoma kwa kawaida una chanzo kimoja kati ya vitatu: fremu imepindwa wakati wa kuifunga kwenye kiatu, bolti ya egemeo (ile ambayo mkono unazungukia) imekazwa kupita kiasi, au uchafu umeingia kwenye bushi (kipande cha duara kinachoizunguka bolti hiyo).

Ninachokishuku zaidi ni cha kwanza. Viatu vingi vya hoki vilitoka kiwandani fremu ikiwa imepigwa ribiti, na ukizitoboa ribiti soli inabaki na vivimbe kuzunguka matundu. Ukikaza fremu mpya juu ya vivimbe hivyo, bati la mbele na la nyuma la fremu, yanayobanwa kwenye soli, hayakai sawa, na fremu inajipinda kama ufito. Fremu ngumu ingevumilia. Yenye mikono inayocheza haivumilii, egemeo likipinda kidogo tu linabana.

Jaribu hivi. Toa magurudumu na raba zote za skati hiyo, mikono ining'inie. Legeza bolti zote za kiatu. Kaza mbili za mbele, chezesha kila mkono kwa kidole. Halafu kaza za nyuma moja moja, kila ukikaza robo mzunguko chezesha mikono tena. Ile bolti itakayofanya mkono wa pili ugome ndiyo yenye siri. Ilegeze uone pengo kati ya bati na soli. Vivimbe vikwangue kwa tupa bapa (kama soli ni ya kaboni vaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu), na pengo likibaki jaza kwa kipande chembamba cha plastiki ngumu kilichokatwa kufuata umbo la bati. Usijaze kwa kukaza bolti.

Mikono ikicheza huru fremu ikiwa imefungwa yote, basi chanzo ni bolti ya egemeo au bushi. Legeza bolti ya egemeo kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) kidogo kidogo hadi mkono uanguke wenyewe ukiuachia, lakini usicheze pembeni. Wengi hawatofautishi kucheza kwa mkono na kucheza kwa gurudumu. Shika mkono wenyewe, siyo gurudumu, uutikise kushoto na kulia. Ukitulia, kisha gurudumu likatikisika, shida ni beringi au kipande kinachotenganisha beringi mbili za gurudumu. Beringi hizi ni 608, tundu mm 8, nje mm 22, na kama ekseli yako ni ya mm 6 lazima kuwe na kipunguzo ndani, kikikosekana gurudumu litayumba hata ukaze vipi.

Bushi safisha kwa kitambaa kikavu, kisha paka grisi ya silikoni, filamu nyembamba tu. Mafuta ya petroli na vile vipuliza vya kulegezea kutu visiguse raba: zipo zinazovimba, zipo zinazokuwa laini, na baada ya hapo vipimo vyako havina maana. Kwenye nyuzi za bolti weka tone la gundi ya kuzuia kulegea ya daraja la kati, ile ya buluu. Gundi hiyo inapasua baadhi ya plastiki, kwa hiyo weka kwenye nyuzi tu na si kwenye tundu, ufute inayobaki.

Kwa kuwa fremu umeshailegeza, angalia pia kama imekaa chini ya mguu wako. Teleza mguu mmoja polepole. Kifundo kikiangukia ndani, sogeza fremu upande wa ndani mm 2. Kikiangukia nje, isogeze nje. Fanya hivyo kabla ya kukaza moja kwa moja.

---

PasiFupi:

Naomba kuuliza pembeni kidogo: hizi na Marsblade si kitu kimoja?

---

RulaYaChuma:

Hapana ndugu. Marsblade ni fremu ya vipande viwili. Cha juu kina mviringo chini na kinabiringika juu ya kile kinachobeba magurudumu, ili mguu uhisi ule mviringo wa chuma cha skati za barafu huku magurudumu yote manne yakibaki chini. Kule kinachohama ni pembe ya mguu. Hapa kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake. Ushauri wa raba na safari tunaoutoa hapa usiupeleke kule.

Kifundo, kwa vipimo vyako: 2 kati ya 5 kwa miguu miwili ni nyingi, na kugonga mwisho kwa mguu mmoja kumemaliza ubishi wangu na Mlinzi. Bolti8 akishakutoa kwenye huo mkono, weka raba ngumu kote, siyo nyuma tu, kisha pima upya. Kama nyuma bado inazama zaidi ya mbele, rudisha za kati kwenye magurudumu mawili ya mbele, ila tu kama hazigongi mwisho tena.

Magurudumu nayo: 74A kwa kilo 80 ni laini. Wapo wa uzito huo wanaotumia 76A ndani, na saspensheni inakuruhusu hata 78A, kwa sababu magurudumu yote manne yanashika sakafu na mtetemo unamezwa na raba badala ya gurudumu. Breki itakatika kwa urahisi zaidi na hayataisha upesi. Lakini subiri mpaka raba zikae sawa.

Ukiyahamisha, ya 76 yabaki mbele na ya 80 nyuma. Badilishana kati ya skati ya kushoto na ya kulia, upande ulioliwa ugeukie nje. Pima kipenyo kabla. Gurudumu lililoliwa mm 2 kuliko jirani yake limeshuka mm 1 kwenye nusu kipenyo, na kwa safari ya mm 5 hiyo ni moja ya tano, imeondoka kabla hujapanda.

---

MlinziWaKulia:

Nakubali, inayogonga mwisho haifundishiki. Weka ngumu. Na ukishaweka, rudia breki kutoka mwendo wa nusu tena, maana ule ucheleweshaji niliousema utapungua. Ukiendelea kusubiri kama kwenye raba za kati utageuza umechelewa na miguu itakupita.

---

Kifundo:

Bolti8, ni bolti ya nyuma upande wa nje. Nikiilegeza mkono unacheza huru, na kuna pengo linaloingia kadi ya benki. Kivimbe cha ribiti kipo wazi kabisa.

---

Bolti8:

Basi piga tupa kwanza, kujaza baadaye, maana kivimbe kikiondoka pengo linaweza kwisha lenyewe. Angalia na skati ya kulia hata kama haijagoma. Baada ya mchezo wa kwanza pitia bolti zote kwa alenki, na tazama kama kuna michubuko kati ya gurudumu na gurudumu: yale ya 80 yanapishana kwa milimita moja tu hivi, na mkono wenye bushi iliyolegea unatosha kuyagusanisha. Ukumbini kukiwa na baridi raba zitakuwa ngumu kuliko ulivyozipima nyumbani, kwa hiyo kipimo cha mwisho kichukue pale pale, ukishapasha mwili.