Naomba ushauri: aliyetuunganisha amefariki, simu yake imezimwa

Wakuu, habari za leo. Tulimaliza kidato cha nne mwaka 1998, shule moja ya bweni mkoani Iringa. Mwenzetu mmoja, tuliyezoea kumwita Katibu, ndiye aliyetutafuta mmoja mmoja mpaka tukafika 47 kwenye kundi la WhatsApp. Alikuwa na kaunta buku yenye majina yetu kwa mpangilio uleule wa mahudhurio ya darasani. Ukikaa kimya mwezi mzima, anakupigia: "Namba kumi na saba, upo?" Haombi mchango, hana shida. Mwaka nilipoachishwa kazi, yeye peke yake ndiye aliyepiga.

Tumemzika wiki tatu zilizopita. Admini alikuwa yeye tu. Simu anayo shemeji, na WhatsApp hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120. Wenzangu wanataka tumwombe aiwashe ateue admini mwingine. Mimi naona haya, arobaini yenyewe bado.

Halafu kuna laki sita na ushee za michango ya misiba kwenye laini yake. Najua fedha za marehemu hushughulikiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Wengi tunaona ziachiwe watoto, ila wawili wamekaza (na hao hata kuchangia kwao kulikuwa kwa kusukumwa).

Tufungue kundi jipya au tusubiri? Shemeji tumwanzeje? Na ile kaunta buku, naitamani mno, sijui hata naiombaje.