Wauza prosesa wa Dar, acheni kutuambia "inaingia" wakati mnajua haitawaka!

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Wauza spea za kompyuta wanatuuzia sisi wa mikoani prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwa ajili ya mazabodi (bodi kuu za kompyuta) za kizazi cha 6 na cha 7, na ukiwauliza wanakujibu neno moja tu: inaingia. Ndiyo, inaingia. Soketi, yaani pale prosesa inapokaa, ni LGA1151 kotekote, inakaa vizuri na kufuli inafunga. Ila kompyuta haiwaki, na jambo hilo linajulikana tangu Oktoba 2017, kizazi cha 8 kilipotoka.

Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Mashine yangu ya kazi ni mazabodi ya H110 (hilo ni jina la chipseti, chipu inayounganisha prosesa na sehemu nyingine za bodi) yenye prosesa ya i5-6500, kizazi cha 6. Windows 10 ilipoachwa na Microsoft wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, niliona siwezi kuendelea kuwajazia watu maombi ya mkopo wa chuo na fomu za NIDA kwenye mashine isiyopata tena marekebisho ya kawaida ya usalama. Watu wananiachia nywila zao pale! Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8, ukitoa chache sana za cha 7, basi nikatafuta i5-8400, ya kizazi cha 8.

Kabla ya kulipa nilimtumia muuzaji picha ya mazabodi, maandishi ya H110 yanasomeka kabisa, nikamwandikia kwamba nataka prosesa ya kufanya kazi kwenye hii. Akajibu: "Hiyo 1151 mkuu, inaingia bila shida." Hela ikaenda, kifurushi kikapanda basi mpaka huku mwisho wa reli. Feni inazunguka, skrini giza. Nikirudisha i5-6500, inawaka palepale. Kumwambia, ananijibu bidhaa ikishauzwa hairudi, na labda fundi wangu hajui kazi. Yaani fundi wa Kigoma ndiye mwenye kosa!

Kwa wasiojua: Intel walipotoa kizazi cha 8 walibadili mgawanyo wa pini, baadhi ya zile zilizokuwa hazina kazi zikapewa kazi ya kupeleka umeme, kwa maelezo kwamba prosesa zenye viini (cores) 6 zinahitaji zaidi. Chipseti za mfululizo wa 100 na 200, H110 yangu ikiwemo, zikafungiwa nje. Zinazokipokea kizazi hicho ni za 300, kama H310, B360, H370, Z370 na Z390. Hoja ya umeme mimi hainiingii akilini. Core i3-8100 ina viini 4 na wati 65, nayo imezuiwa. Core i7-7700K ya kizazi cha 7 ina viini 4 na wati 91, na Z170 ya 2015 inaibeba ukishasasisha BIOS, ile programu ya kuwashia mazabodi. Tena wapo watu waliochokonoa BIOS za mazabodi hizohizo za zamani mpaka zikawasha kizazi cha 8. Huo mlango, kwa maoni yangu, ulifungwa makusudi.

AMD, wapinzani wa Intel, nao walijaribu. Mei 2020 walitangaza kwamba prosesa zao mpya za Ryzen, za muundo wa Zen 3, hazitapokelewa na chipseti zao za B450 na X470. Wateja wakawaka, na mwezi haukuisha wakabadili uamuzi. Mwaka 2022 hata chipseti za zamani zaidi, A320 na B350, zikaruhusiwa. Kumbe kelele zinafanya kazi, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Na wenye LGA1200, soketi ya Intel iliyofuata, msijione mko salama. Kizazi cha 10 na cha 11 soketi ni moja, lakini chipseti za H410 na B460 za kawaida hazikipokei cha 11. Kabla hujatoa shilingi, fungua msinfo32 kwenye Windows usome jina la mazabodi yako, kisha ingia tovuti ya mtengenezaji wake uangalie orodha ya prosesa na toleo la BIOS linalotakiwa. Usimwamini muuzaji anayetaja soketi peke yake.

Najua atakuja mtu kuniambia ninunue mazabodi nyingine. Yangu inatumia RAM za DDR3, na nyingi za chipseti za 300 zinataka DDR4. Hapo ninanunua mazabodi, ninanunua RAM, kwa sababu ya mtu aliyeona picha akadanganya. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na kibandiko cha ukutani cha "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" hakiifuti.

Muuzaji, najua unapita humu. Jina la duka lako sijaliweka. Nataka hela yangu yote, na gharama ya kukurudishia kifurushi uilipe wewe.