Mume amemfungia pasipoti mdogo wangu huko Houston: je, anaweza kujiombea makaratasi mwenyewe?

Dada wa Morogoro
Ndugu zangu mlioko Marekani, naomba msaada wenu. Mdogo wangu alifunga ndoa hapa Morogoro mwaka 2021 na Mtanzania aliyekwisha kupata uraia wa Marekani, kisha akamfuata Houston kwa viza ya matembezi, kwa ahadi kwamba angeshughulikiwa makaratasi akishafika. Mpaka leo mume hajajaza hata fomu moja. Pasipoti ameifungia kabatini, simu anaikagua kila jioni, na tangu mwaka jana amekuwa akimpiga. Mdogo wangu akilalamika huambiwa kwamba uhamiaji watapigiwa simu naye atarudishwa nyumbani bila mtoto. Juzi amegundua pia kwamba mwanamume huyo hakuwahi kumtaliki mke wa kwanza aliyemwoa hukohuko Texas. Wazee wa jumuiya yao wanamsihi avumilie. Je, ana haki yoyote yeye mwenyewe?

Mama Baraka, Dallas
Pole sana, dada, na umfikishie pole mdogo wako. Haki anayo. Tangu mwaka 1994 kuna sheria ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi chake VAWA, inayomruhusu mke au mume anayenyanyaswa na mwenzake mwenye uraia au ukaaji wa kudumu kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360, ambayo katika maombi ya aina hii haina ada. Saini ya mume haihitajiki, wala hapelekewi taarifa: sheria ya mwaka 1996 inawakataza maofisa kumweleza mnyanyasaji habari za maombi hayo, na inawakataza kuamua kinyume cha mke kwa kutegemea maneno ya mnyanyasaji peke yake. Mimi nilikaa miaka minne nikiiogopa simu ambayo mume wangu alisema ataipiga, na miaka yote hiyo haki hii ilikuwapo bila mtu wa kunieleza.

Kuhusu mke wa kwanza, asikate tamaa. Sheria inamlinda pia aliyefunga ndoa kwa nia njema akiamini ni halali, kisha ikaonekana ni batili kwa sababu tu mwenzake alikuwa na ndoa nyingine. Kwa hiyo cheti cha ndoa cha Morogoro ni cha thamani kubwa.

Jambo moja alizingatie: akiachika, huwa ana miaka 2 ya kuwasilisha maombi, na ni lazima ionekane kwamba talaka ilihusiana na unyanyasaji. Tena, akiolewa na mtu mwingine kabla maombi hayajakubaliwa, yatakataliwa.

Mkalimani
Nimekuwa nikiwatafsiria kina mama wa Kiswahili mbele ya mawakili, kutoka Kenya, Tanzania na hasa Kongo, na nimeona kwamba wengi hudhani hawana ushahidi kwa sababu hawakuwahi kwenda polisi. Ripoti ya polisi husaidia, lakini si sharti. Maelezo yake mwenyewe, yaliyoandikwa kwa utaratibu na kwa tarehe anazozikumbuka, ndiyo msingi. Juu yake huwekwa picha za majeraha, ujumbe wa sauti wa WhatsApp, karatasi za hospitali, barua ya jirani au ya kiongozi wa dini, na chochote kinachoonyesha kwamba waliishi pamoja kama mume na mke. Akiweza kupiga picha pasipoti ya Kimarekani ya mume bila kujihatarisha, afanye hivyo. Asipoweza, idara ya uhamiaji inaweza kutafuta katika kumbukumbu zake. Picha hizo asizihifadhi katika simu inayokaguliwa.

Namba ya taifa ya waathirika wa ukatili wa nyumbani ni 1-800-799-7233, saa 24, na akitaja Kiswahili hutafutiwa mkalimani. Akiwa hatarini apige 911, namba ya dharura. Tahirih Justice Center, shirika linalowatetea wahamiaji walionyanyaswa, lina ofisi Houston. Tafadhali asimpe fedha mjaza fomu wa mtaani ambaye si wakili wala mwakilishi aliyeidhinishwa na serikali. Maombi haya huchukua miaka, si miezi, na kosa la mwanzo ni gumu kulirekebisha.

Mfanyakazi wa zamani wa ndani
Naongeza kwa wasomaji ambao hawakuolewa bali waliletwa kufanya kazi. Nilitolewa Mombasa kwenda kutunza watoto katika nyumba moja Maryland, nikanyang'anywa pasipoti na kulipwa kidogo mno. Sikujua kwamba huo ni usafirishaji haramu wa binadamu, kwa sababu sikufungwa minyororo. Kwa hali hiyo kuna viza ya T, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2000. Cheti cha polisi si lazima, ingawa mtu mzima kwa kawaida hutakiwa kushirikiana na wapelelezi. Namba ya taifa ya waathirika wa usafirishaji huo ni 1-888-373-7888.

Dada wa Morogoro
Mungu awabariki. Nimejaribu namba ya kwanza nikiwa hapa, haikupokelewa.

Mkalimani
Namba hizo za bure kwa kawaida hazipatikani kutoka Tanzania, dada. Ni bora apige yeye mwenyewe, kwa simu ambayo mume haigusi.

Dada wa Morogoro
Alhamisi ana kliniki ya mtoto, na mume huwa hamsindikizi. Nitamwambia amwombe muuguzi simu. Cheti cha ndoa kipo kwangu. Kesho asubuhi nakipeleka kutolewa nakala.